Waya Juu ya Mukima

Mpendwa Baba,

Leo nimewachorea wanafunzi wangu wa fizikia hapa Kianjokoma picha ya antena ubaoni, nikakuona wewe na koleo lako mkononi.

Unakumbuka? Antena ya redio ilipovunjika, ulipandisha waya wa shaba juu ya mti wa mukima, maana boma letu la Kanyakine limejificha nyuma ya kilima. Upepo ukiung'oa, mimi ndiye niliyeshikishwa ncha. "Kendi, simama hapo hapo! Usipumue!" Matangazo ya vifo yalikuwa yakisomwa, na kwako kukosa jina la marehemu ni kukosa kumpa mfiwa pole. Nikisogea, redio inakoroma. Nikirudi, inatulia. Nilinuna, lakini haki ya Mungu, nilishangaa.

Sasa najua. Kule wanakorushia matangazo, umeme hupanda na kushuka kwenye mlingoti, ukatuma mawimbi angani. Yakigusa waya wetu, umeme mdogo mno huamka humo, nao hupanda na kushuka vilevile. Hata mwilini mwangu uliamka. Baba, mimi nilikuwa antena! Sauti ya mtu wa Meru mjini ilipita mifupani mwangu, nami nimenuna tu.

Kisha ukaenda wewe. Vijana waliokuja kusimamisha tenti ya matanga walikosa kamba, wakakata waya wako wakafungia tenti. Jina lako liliposomwa jioni, redio ilikoroma tu. Mama aliegemeza sikio kwenye spika mpaka matangazo yakaisha. Tangu hapo hakuiwasha tena. "Sikusikia wakimtaja," aliniambia. "Ni kama nilimzika kimyakimya."

Iliniuma sana. Jumamosi nilirudi nyumbani nikapanda mukima, mwalimu mzima na sketi yangu, nikaufunga waya upya. Nikamweleza Mama kwamba mawimbi hayarudi, lakini hayasimami pia. Hufifia yakienda, yakapita mawingu, yakapita mwezi.

Mama alitazama juu. "Kwa hivyo huko bado wanamtaja?"

"Bado, Mama. Mbali sana, lakini bado."

Akaipangusa redio kwa leso, akaiwasha. Matangazo ndiyo yalikuwa yanaanza. Nilipopiga hatua kwenda jikoni kuangalia chai, redio ikakoroma, naye akaninyooshea kidole.

"Kendi, simama hapo hapo! Usipumue!"

Nilisimama, Baba. Pumzika salama.

Ni mimi binti yako, antena yako ya akiba.