Mshindi wa Daraja la Mtu Mmoja

Jumamosi, Buhembe. Mvua inanyesha tangu asubuhi na sina hamu ya kumwona mtu.

Kikombe kiko mezani. Kimeandikwa "Mshindi, Daraja la Wenyeji". Nimekigeuza kitazame ukutani.

Wiki iliyopita klabu ya magari ilishindanisha madereva kupanda mlima upande wa Muleba, gari moja moja, kwa kupimwa saa. Wazungu walipewa daraja lao, Wahindi lao, na sisi letu. Basi. Watu wazima waliosoma walikaa kikao wakaona hicho ndicho kipimo. Kwa Wazungu, kigari cha mwalimu wa misheni kilipangwa na gari refu la tajiri wa kahawa, na watu wakapiga makofi eti wameona mashindano.

Mimi ni fundi. Injini haijui rangi ya anayeikanyagia mafuta. Ndogo ishindane na ndogo, kubwa na kubwa. Gari lililotoka dukani hivi hivi lisiwekwe na lililochokonolewa gereji. Dereva anayeanza aanze na wenzake. Nilimweleza haya katibu wa klabu, naye bila hata kuinua macho akasema, "Shukuru umekubaliwa."

Nikashukuru. Hilo ndilo linaloniuma.

Daraja letu tulijiandikisha wawili: mimi na Rwechungura, mtoto wa baba yangu mdogo. Aliposikia mpango huo aliondoa jina lake. "Siwezi kukimbizwa zizini," alisema. Nilimcheka, nikamwita mwoga. Nikapanda mlima na gari langu dogo, Morisi, nikawa wa kwanza na wa mwisho.

Mpima saa, Mgoa mmoja mpole, asili yake Goa kule India, aliniita pembeni akaninong'oneza kwamba kati ya injini ndogo zote za siku ile, za mtu yeyote, hakuna iliyonipita. Ubaoni hawakuandika hivyo. Muda wangu waliuweka kwenye karatasi ya peke yake, wakaikunja.

Nawachukia. Naandika hapa kwa sababu mbele yao nilitabasamu.

Ila ubaya wote si wao. Nilipotoka huko nilipita Kamachumu kwa baba, ambaye magoti hayamruhusu tena kutembea mbali. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akauliza kwa furaha, "Na wa pili alikuwa nani, mwana wange?" Niliona aibu kumwambia hakukuwa na wa pili.

"Rwechungura, Tata," nikajibu.

Mjinga mimi.

Kesho baada ya ibada Tata amewaalika majirani waje watafune kahawa, kama desturi yetu, na kukiona kikombe. Leo ameniletea salamu kwamba amemwita na Rwechungura, ili ampe pole mbele ya ukoo. Mtu aliyekataa kudharauliwa atapewa pole ya kushindwa, tena na mzee anayemheshimu, kwa sababu ya mdomo wangu.

Nitatoka hapa kabla ya kengele ya kwanza, hata kama barabara ni matope. Nitamwambia Tata kwamba nilikimbia peke yangu, na kwamba mwenye akili alikuwa Rwechungura. Majirani wakifika nitayarudia maneno hayohayo, nimesimama.

Kikombe nitakiacha mikononi mwake. Akitaka kirudishwe kwa katibu, Jumatatu nitampeleka Bukoba kwa gari mimi mwenyewe, akakirudishe yeye.