Picha za Kaka Yako Nilizozikata

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Wifi,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kimepona, au bado kinakusumbua kukiwa na baridi? Watoto je, na baba yao? Sisi tu wazima. Mama yako anakula vizuri, ila magoti yanamgombeza akisimama. Mimi nazoea polepole. Bado nikimimina chai namimina vikombe viwili, kisha nakunywa vyote nisionekane mjinga.

Wifi, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo nimejikaza kisabuni.

Ulipopiga simu ukaniomba zile picha za mandhari alizopiga kaka yako, nilikuambia paa lilivuja, mvua ikaziharibu. Ukanipa pole. Wewe, uliyefiwa na ndugu yako wa pekee, ukanibembeleza mimi kwa mvua ambayo haikunyesha. Ni mimi niliyezikata, kwa makasi yangu.

Ilikuwa mwezi wa pili baada ya msiba. Nilipata kazi ya sare za shule, na karatasi ngumu ya kuchorea kola na mifuko ilikuwa imekwisha. Picha zile zilikuwa kubwa, ngumu, migongo yake myeupe. Fundi mwenzangu akachungulia, akasema, "Dada, hizi hazina hata mtu mmoja. Ni majani na maji tu." Nikazilaza kifudifudi nisizione, nikachora, nikakata. Kati ya kumi na moja, saba.

Wala siwezi kuisingizia kazi. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kuondoka, na zile Jumapili zote alizoipa milima badala yangu zilinirudia siku ile.

Kazi ilipoisha nikavigeuza vipande. Wifi, vilikuwa vizuri! Sikuwahi kuzitazama picha zile kwa utulivu. Kwenye kola moja kulikuwa na maporomoko ya maji; kwenye mfuko, nyasi zimelala upande mmoja kwa upepo. Nikavipanga juu ya meza ya kukatia, nikakaa navyo hadi pasi ikapoa.

Ipo moja ya mlima wenye ukungu. Siku hiyo nilikuwepo. Nilishika mwavuli juu ya kamera hadi mkono ukafa ganzi, naye kaka yako anasema tu, "Bado kidogo, mama, ukungu haujakaa vizuri." Nikamjibu, "Ukungu huu ungekuwa mteja wangu ningeshaufukuza." Akacheka hadi kamera ikatikisika, ndiyo maana mlima ule umetoka kama milima miwili. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Nimekikumbuka nikiwa nimeshika kipande nilichokwisha kukikata kiwe kola ya mtoto wa darasa la kwanza. Uso ulinishuka, Wifi, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Nimevibandika vipande juu ya kitambaa kigumu. Nakutumia vyote, pamoja na zile nne zilizopona. Alama za makasi sikuzificha. Ila ile uliyoitaka hasa, ya kijito nyuma ya nyumba mliyokulia, haijatimia. Kipande cha katikati, penye jiwe mlilokuwa mkianikia nguo, nimekitafuta hadi chini ya cherehani sikukiona. Nadhani nilikifagia pamoja na mabaki ya vitambaa. Hicho siwezi kukurudishia.

Mama naye anaamini ilikuwa mvua. Nitamwambia mwenyewe kesho akishakunywa uji, nakuomba usinitangulie. Ukikaa muda bila kunijibu, sitakulaumu.

Nisalimie baba watoto, binti yako mkubwa, na yule mdogo mnayemwita Profesa. Mungu akulinde, akupe usingizi mtulivu. Na siku unapomwombea kaka yako, unitaje na mimi.

Wifi yako anayekupenda hata kwa aibu hii,
Fundi