Paa Lenye Tundu, Kutoka Roma Hadi Kariakoo

Jumamosi. Kariakoo imeamka na mvua, mimi nimeamka na hofu.

Hofu yenyewe ni sebule ya Mama. Tangu maghorofa yaizunguke nyumba yetu, mle ndani taa zinawashwa mchana, na Mama alikuwa anasinziasinzia kutwa, hana hamu hata ya kula. Mimi ni msanifu majengo, basi nikachora tundu la duara katikati ya paa, wazi kabisa, bila kioo. Kaka Salum, aliyesimamia mafundi, alinishangaa. "Zena, paa lenye tundu umeliona wapi wewe?"

Nililiona Roma.

Nilipopelekwa mafunzoni huko niliingia Panteoni, hekalu la Warumi lenye karibu miaka elfu mbili. Nguzo zake za mbele ni mawe yaliyochongwa Misri, huku huku Afrika kwetu. Kuba lake ni zege tupu, halina nondo hata moja. Chini walichanganya mawe mazito, juu mepesi, na kileleni wakaacha wazi. Mwanga unaingia pale na kutembea ukutani mchana kutwa. Siku ile ilinyesha. Maji yalishuka mpaka ndani, yakatambaa kwenye sakafu iliyobinuka kidogo, yakapotelea kwenye vitundu vya chini.

Nililia. Nakiri. Watu wa zamani vile, na walishaifikiria mvua!

Leo, mvua ya kwanza tangu paa letu litobolewe, ikawa zamu yangu.

Ilimwagika sebuleni kwelikweli. Salum alisimama mlangoni na ndoo. Maji yakatuama. Halafu yakaanza kusogea, taratibu, yakafuata mteremko mpaka kwenye vitundu nilivyoviweka pembeni.

"Yanaenda kweli," Salum akasema, akaiweka ndoo chini.

Mama akatoka chumbani. Alisimama chini ya ukingo wa tundu, akakinga matone kwa kiganja, akatazama juu muda mrefu.

"Kumbe mawingu yapo," akasema. "Nilidhani wameshajenga mpaka huko."

Akataka chai yake aletewe palepale. Akaimaliza, akaomba nyingine na chapati, huku akimtania Salum na ndoo yake. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Jioni, akiaga, Salum ameniuliza kwa sauti ya chini kama na paa la kwake Ilala linatoboleka.

Kesho naenda kupima.