Hatua Sitini za Baba Placide

Mwaka umetimia, Baba Placide, tangu asubuhi ile ya baridi ya Juni 1995 ulipotuacha hapa Panda, na kiti chako cha mlangoni bado hatujazoea kukiona kitupu.

Kazini walikujua kama mpimaji wa ardhi. Miaka ishirini na sita uliipimia kampuni, ukaifundisha miguu yako mpaka kila hatua ikawa sentimita themanini, haizidi wala haipungui. Nyumbani tulikujua kama mtu wa ndege. Mama Georgette alikutania kwamba yeye ni mke wa pili tu, wa kwanza ni hondohondo, nawe ukacheka mpaka ukakohoa.

Mishahara ilipokatika, na jirani mmoja baada ya mwingine akashika shoka kwenda kuchoma makala, yaani makaa, wewe ulishika baiskeli na makopo matupu ya maziwa ya unga. Ulificha makopo saba katika msitu wa njia ya Kambove, kila moja na daftari dogo na kipande cha penseli ndani. Jumapili baada ya misa ulitupa maelezo, hatua kadhaa toka mti fulani, nasi tukatafuta. Tulikuwa na njaa, Baba, lazima tuseme, lakini saa zile tuliisahau. Aliyepata kopo alikaa kimya mpaka aone ndege, ndipo aandike jina la ndege na tarehe. Germain, mwanao mwenye haraka, aliwahi kuandika kanga aliyemsikia tu majanini. Ulimfuta kanga huyo pale pale.

"Kama haukumuona na macho, usimuandike," ulimwambia. "Hiyo ni bongo, ni kudanganya, na daftari haipendake bongo."

Makopo sita tuliyapata ukiwa hai. La saba ulilificha peke yako, mwezi wa Aprili, ulipotuaga kwamba unaenda kusalimia wenzako wa kazi. Ulirudi jioni miguu imevimba, Mama akakugombeza sana. Wiki ya mwisho ulimnong'oneza binti yako Émérence: "Toka ku kichuguu kikubwa, hatua makumi sita, upande jua inatokeaka." Akakuahidi kwamba atalipata.

Mara nne alienda na Germain, na mara nne walirudi mikono mitupu. Walihesabu hatua sitini za sentimita themanini, kama ulivyotufundisha sote, wakachimbua hadi mizizi. Kila wakirudi msitu ulikuwa umepungua, na tanuri za makala zilifuka moshi pale tulipozoea kula viazi vyetu. Émérence alikonda kwa wasiwasi. Aliogopa shoka zitafika kwenye kopo kabla yake.

Jumapili iliyopita tulienda sote. Baada ya kuhesabu tena na kukosa tena, Germain alimwambia dada yake, "Tuache, yaya. Papa alipima, na minye nimepima. Kopo haiko."

Émérence alisimama penye kichuguu akiiangalia miguu yake. Miezi yako ya mwisho yeye ndiye aliyekushika mkono toka kitandani hadi mlangoni, na hatua zako alizijua: ndogo, za kuburuta, mguu mmoja unausubiri mwingine.

"Tulipima na miguu yake ya kazi," alisema. "Ile siku alikuwa na miguu ya ugonjwa."

Akaanza kutembea hivyo, mkono ameukunja kana kwamba bado umeushika. Mama alipouona mwendo ule alikaa chini akalia. Hatua ya sitini ilimfikisha kwenye mti mwembamba, hata nusu ya njia yetu ya zamani haikufika. Kopo lilikuwa pale, chini ya jiwe.

Daftari lilikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wako. Tarehe ya siku ile ya Aprili, kisha: "Kigong'ota nimemusikia. Macho haimuone tena." Chini yake uliacha mstari mtupu, na mbele ya mstari jina: Émérence.

Tulikaa kimya hadi saa sita. Ko, ko, ko, ikasikika kwa mbali. Germain akaruka. "Ni yeye! Andika, yaya, andika!"

Émérence alishika penseli, akasikiliza. Kisha tukasikia mti unaanguka: lilikuwa shoka, si ndege.

Hakuandika. Alilifunga daftari koponi, akalirudisha chini ya jiwe ulilolichagua. Jumapili hii tunarudi naye, na ile inayofuata, maadamu kuna mti uliosimama.

Tunaokulilia ni mkeo Georgette, wanao Émérence na Germain, mjukuu wako Danielle, na mdogo wako Philippe wa Kambove. Siku zote tutakukumbuka, Baba. Mstari wako bado mtupu, na hatutaudanganya.