Kibaba cha Mgeni wa Kura

Mkange, tarehe 12 Rajabu, mwaka 1302

Kwa mdogo wangu Ausi bin Muhidini, aliyeko Dunda, Bagamoyo, kwa Mwalimu Sadallah.

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima. Je, kifua kimepoa? Ulipoondoka hapa baada ya mazishi ulikuwa ukikohoa, nami nikakufungia tangawizi, ukaisahau juu ya kinu. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Fatu jirani yetu anakusalimu, na mzee Mtoro anayekupa barua hii anakusalimu, ingawa salamu zake huenda akakupa mwenyewe kwa namna yake. Mpe maji na mahali pa kukaa kabla hujaisoma. Amevuka Wami kwa ajili yangu, na magoti yake unayajua.

Huku mvua imekuja. Mahindi yanafika kiunoni na kunde zimetoa maua. Wanawake wameanza tena kugombania zamu kisimani, na juzi nilimwambia Fatu kwamba mama angalisema hiyo ndiyo dalili ya shibe, maana mwenye njaa hana nguvu za matusi. Fatu akacheka sana, kisha akalia, nami nikalia naye.

Arobaini ya mama tumeisoma juzi. Tulikungoja hadi adhuhuri ndipo tukaanza. Mtoro aliwaambia watu kwamba bila shaka darsa limekuzuia, na mimi nikasema ndiyo, darsa limemzuia. Vitu vyake mama nimevitunza. Ungo upo, na ile mbuzi ya kukunia nazi uliyokuwa ukiipanda utotoni na kuichapa kwa kijiti, ukisema unakwenda Saadani, nayo ipo. Mguu wake mmoja umelegea. Nitautengeneza.

Ausi, leo nataka tukumbuke pamoja siku ile ya mwezi wa Mfunguo Saba ulipokuja kutueleza habari ya kura. Nakuandikia kwa taratibu, kama baba alivyotufundisha kusoma, neno baada ya neno, tusiruke.

Ulikaa mkekani, umevaa kofia mpya, nasi tukakuzunguka. Ulituambia kwamba tajiri Kassamali amenuia kutoa mchele wa ghala lake kuwa sadaka kwa wenye njaa, lakini hajui njaa iko wapi zaidi, na kila jumbe anayemwuliza humwambia iko kwake. Kwa hiyo akamwendea Mwalimu Sadallah. Mwalimu akasema nyumba zote haziwezi kuzungukwa, lakini majina ya wenye nyumba yote yataandikwa, kila jina kwenye kigae chake. Nyumba mia moja na sitini za upande wa mjini zitiwe katika chungu kimoja, na arobaini za ng'ambo yetu ya Wami katika chungu kingine, ili wengi wasitumeze sisi wachache. Vyungu vitikiswe, kisha yeye Mwalimu mwenyewe afunge macho kwa kilemba chake na kutoa vigae kumi na sita huku na vinne kule, na mwanafunzi atumwe akazione nyumba zilizotoka. Kila kigae, ulisema, kinabeba nyumba kumi mgongoni. Nyumba hiyo ikiwa na njaa, kumi zitahesabiwa kuwa na njaa.

Fatu aliuliza kwa nini wanafunzi wasiende tu kwenye nyumba zilizo karibu na njia. Ukamjibu vizuri, nami niliona fahari. Ulisema walio karibu na njia huuza maji na muhogo kwa wapitao, na hali yao si hali ya walio ndani; anayewauliza hao peke yao atarudi na habari ya njia, si habari ya nchi. Mama akasema basi Mwalimu ni mpishi. Ukimwonjesha mtu mchuzi wa juu tu, atakwambia hauna chumvi, na chumvi yote imelala chini. Sharti ukoroge kwanza, kisha chota popote. Ukacheka, ukasema mama amefahamu kuliko nusu ya darsa.

Ukataja na masharti. Nyumba iliyotajwa na kura haibadilishwi kwa nyingine, hata ikiwa mbali, hata ikiwa unaijua kama kiganja chako. Mwanafunzi aende kwa miguu yake, aone mafiga na chungu kwa macho yake. Na asile chochote hapo, kwa sababu watu wetu humpikia mgeni punje ya mwisho, naye akishashiba huandika kwamba chakula kipo. Fatu akakutania kwamba umesoma miaka yote hiyo ili uje kuchungulia vyungu vya wanawake wazima. Mama yeye alishika neno la kutokula. Aliuliza ni nani aliyekatazwa, mwanawe, nyumbani kwake? Akasema Mwalimu na aseme ya chuoni, ya jikoni amwachie yeye.

Ulipoondoka, mama alipima kibaba kimoja cha mchele, wa mwisho tuliokuwa nao, akaufunga katika kipande cha kanga yake ya zamani na kuuweka darini. Alisema ni wa mgeni wa kura. Kura ikituangukia, na mgeni akiwa Ausi, hatakuta jungu tupu.

Mwezi ule ulipokwisha tulikuwa tunakula ndiga ya porini. Unajua kazi yake, kuichimba, kuikata, kuiloweka siku tatu ili isilevye. Mama hakuwa na nguvu za kungoja siku tatu. Nilimwomba tupike kile kibaba, nikamwomba tena. Alisema mtu hali cha mgeni. Mara ya mwisho nilikasirika, nikampandishia sauti, na hilo limenikaa moyoni, silitoi.

Kisha tukasikia mchele umegawiwa. Mtoro alikwenda mjini kuuliza fungu letu, akarudi mikono mitupu. Alisema ghalani wamemwambia ng'ambo ya Wami hakuna njaa, kura imeonyesha. Watu walikuja kwetu jioni ile, wakijua wewe ni ndugu yetu. Mmoja alisema Mwalimu ametuuza. Mama alikuwa amelala kitandani na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliwajibu. Aliwaambia kura haina macho wala haina mjomba, pengine imeangukia nyumba nne zilizobakiwa na akiba, ni majaliwa, tusimlaumu mtu. Nami nikalishika neno lake na kulirudia kila mahali, kisimani na shambani. Siku tatu baadaye akafa.

Ulikuja kuzika. Uliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Usiku wa matanga nilikuuliza pole pole kama nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa zile nne. Uliniangalia ukasema hapana, dada, kura haikutuangukia. Nikakushika kichwa nikakwambia usijiumize, si kosa lako. Unakumbuka? Ulilia sana, nami nilidhani ninajua unalilia nini.

Sasa nifike ninapokwenda. Ulipoondoka uliacha mkoba wako wa ukindu umetundikwa nyuma ya mlango. Nikauacha hapo nikingoja mtu wa kuja huko. Juzi, baada ya hitima, mvua ilivuja pale mlangoni, mkoba ukalowa, nikatoa vilivyomo nivianike. Kulikuwa na kitana, uzi, na karatasi iliyokunjwa. Na chini kabisa kulikuwa na kigae.

Nilikigeuza. Kimeandikwa kwa mkono wako, kwa ile alifu yako yenye kichwa kilichoinama ambayo baba alikuwa akikupigia vidole. Kimeandikwa jina la mama, Bi Dija, Mkange.

Nilikaa chini. Nikafungua karatasi nikidhani labda nimekosea. Ni orodha yako ya njiani, nyumba zote ishirini. Kumi na sita za kwanza zimeandikwa kila moja kwa siku yake na wino wake, na mambo yake yameelezwa. Mmoja ana muhogo wa wiki moja, mwingine hana kitu na watoto wamevimba miguu. Nne za mwisho zimeandikwa kwa wino mmoja, tarehe moja, tisa ya Mfunguo Nane. Neno ni moja mara nne. Chakula kipo. Ya tatu katika hizo ni nyumba ya mama.

Siku ile ya tisa naikumbuka, Ausi. Msafiri alikuwa ametuambia kwamba mwanafunzi wa Mwalimu amefika kivukoni. Mama alifagia uwanja mara mbili, akakaa mlangoni tangu asubuhi hadi alasiri akitazama njia. Aliyepita ni mbuzi wa Mtoro peke yake. Alipoingia ndani alisema, haya, kesho.

Nimelifikiri jambo hili siku mbili, nikijaribu kukutafutia njia. Kama mto ulikutisha, ungesema mto umejaa, na Mwalimu angengoja. Kwa hiyo nadhani si mto. Nadhani ulikitazama kile kigae ukaona aibu. Mwalimu angesoma mbele ya wenzako kwamba mama wa mwanafunzi wake hana cha kutia chunguni. Ukajiambia nyumba hii naijua, kwetu hakujawahi kukosekana chakula. Ukaandika nyumba uliyoiacha ulipokuwa mtoto. Na ulipokwisha kuandika hiyo bila kuiona, zile tatu nyingine zilikuwa rahisi. Kama nimekosea uniambie. Lakini uliyataja masharti kwa kinywa chako mkekani petu, na kila kigae kilibeba nyumba kumi. Nyumba arobaini, ndugu yangu. Tumezika saba tangu mwezi ule, na mmoja ni mjukuu wa Mtoro, yule mwenye kigugumizi uliyemfundisha kuhesabu hadi kumi.

Aibu uliyoiogopa haikuwako. Mama asingeona haya. Lakini nami sitakudanganya, huenda ungekuja angekupikia kile kibaba, akakukalia mbele mpaka ule, ukarudi umeshiba. Hilo limo mikononi mwa Mungu. Lako ni kwamba hukuja.

Na langu ni hili. Nimekuwa mjumbe wa uongo wako kwa siku arobaini. Wenye misiba walinijia nikawaambia kura haina macho, wakaniamini kwa sababu mimi ni binti Muhidini. Jana nimewaita Fatu na Mtoro nyumbani, nikawasomea karatasi yako, mstari kwa mstari. Fatu alitoka akaenda kwake. Mtoro aliniomba nirudie ile ya tatu. Kisha akasema ataipeleka mwenyewe kwa Mwalimu Sadallah, na magoti yake yawe shahidi mbele ya Mungu. Karatasi anayo, ndani ya kilemba. Nilimwomba jambo moja tu, apitie kwako kwanza, ili habari hii usiisikie kwa wengine. Usijaribu kumzuia. Ukiweza, nenda naye, umshike mkono mpaka kwa Mwalimu, na usome wewe. Mtoro anasema Kassamali atatoa mchele tena kabla ya Ramadhani na vyungu vitatikiswa upya. Safari hii na aje mtu asiyetujua.

Kigae nimekiacha kwangu. Mkoba wako anao Mtoro, na kitana na uzi vimo. Utakuta na fundo la kanga kuukuu. Usishangae, ni kile kibaba. Sikuweza kukipika wala sikuweza kumpa mtu, maana kina mwenyewe. Mama alikiweka kwa ajili yako.

Nisalimie Mwalimu na watu wa nyumbani kwake. Fatu leo sikumwomba salamu za kukuletea, zile za juu niliziandika kwa mazoea. Uvae kitu kifuani usiku. Mimi bado ni dada yako na mlango haujafungwa, ila usije kabla hujakwenda kwa Mwalimu.

Na majina yatakapoandikwa upya, jina la mama lisiandikwe tena. Mwenye nyumba sasa ni mimi, Mwanvita. Waambie wachukue kigae kingine, wanitie chunguni pamoja na wenzangu wa ng'ambo. Nikumbukeni.

Dada yako,
Mwanvita binti Muhidini