Hoteli ya Kimya ya Madam

Dubai, Jumatatu

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tu ndilo linatubanika. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu madam huipekua.

Wiki nzima namtafutia hoteli ya Vienna, ya bei rahisi na isiyo na kelele. Kazi hiyo kanipa mimi kwa kuwa niliwahi kusafisha vyumba vya wageni katika hoteli ya Deira, hapa hapa Dubai, najua chumba cha karibu na lifti hakilaliki. "Joha, mimi kelele zinaniua," ananiambia, na mimi hunilaza chumba cha kufulia, ubavuni mwa mashine inayonguruma!

Jana kasema nami nitakwenda, nikawaangalie watoto wake wawili. Akafungua droo ya soksi akatoa pasipoti yangu. Ile ile aliyoniapia kuwa iko kwa wakala, mwezi ule mlipomzika Mama bila mimi. Ilikuwa inanukia manukato yake.

Basi hoteli nimeipata, nzuri kweli, madirisha yanatazama bustani. Madam na bwana wake, watoto, na mimi: aliniambia niandike watu watano. Nimeandika wanne.

Alhamisi tunakwenda kutoa alama za vidole za viza, na pale dirishani kila mtu hushika pasipoti yake mwenyewe. Kutoka hapo hadi ubalozi wetu mdogo ni teksi moja.

Usimwambie mtu. Nitandikie kitanda cha Mama.

Mdogo wako,
Joha