Karani Yuko Ng'ambo

Garsen, Alhamisi, baada ya magharibi

Muache aite. Sauti anayo.

Asubuhi huyu karani mpya wa serikali alituita wavushaji wazee tupimwe macho, maana bila kibali chake sasa hakuna kuvusha watu mtoni. Aliinua vidole, nikakosea. Akacheka mbele ya vijana: "Mzee Shee, macho yako yamekwisha. Nikikuona tena mtumbwini nitakufunga."

Jicho la kushoto kweli lina ukungu. Linanitia hofu, na sijamwambia mtu. Lakini kunicheka?

Mchana vijana walimvusha kwenda kwa wafugaji. Jua limetua hajarudi. Vijana hawaingii mtoni gizani, wanaogopa viboko. Huwa naingia mimi. Na desturi yetu, mtu akiita ng'ambo, mvushaji lazima aitike.

Mke wangu ananisihi: "Baba Omari, mfuate. Mbu watammaliza."

Nikashuka hadi ukingoni, nikaitika kama desturi: "Nani huyo? Mbona sikuoni?"

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje hapa: "Shikamoo, baba."

Nimerudi ndani kuandika haya. Muache aamkie tena.